Jimny shepu mpya na zile laki za juu: uliza kabla hujalipa

Jamani nyinyi mnaoniuliza kila siku kuhusu bei ya Jimny, ile gari ndogo ya Suzuki, naandika mara moja. Mimi nlinunua yangu 2022, kazi yangu ni kupeleka wageni Marafa na Arabuko Sokoke, na Disemba ilikuwa inakuja. Kwa simu nliambiwa 3,200,000. Nkapanda basi alfajiri hapa Malindi hadi Mombasa, nafika yadi natolewa karatasi ingine, 3,550,000. Nauliza imepandaje na juzi tu tumeongea, naambiwa ushuru umepanda, tena kuna watu wawili wanaitaka jioni hii hii. Viti bado viko na nailoni yake, roho ikanienda mbio, nkalipa.

Ule ulikuwa uongo na uliniuma sana nlipokuja kujua. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, inapunguza bei hiyo kulingana na umri wa gari, halafu ndio inapiga ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa hadi VAT ya 16%. Na ile gari ilikuwa ishalipiwa yote hayo kabla itoke bandarini, kwa hivyo hata ushuru ungepanda siku ile haungeigusa. Laki tatu na nusu ilikuwa ni ya uhaba peke yake.

Uhaba wenyewe ni wa kweli. Hii shepu ilitoka Japani 2018 na watu huko wakangoja mwaka na zaidi, mpaka zilizotumika zikauzwa ghali kushinda mpya. Ile ya milango mitano, Nomade, ilipotangazwa Japani Januari 2025 oda zilifika kama 50,000 kwa siku chache tu Suzuki ikasimamisha kuzipokea. Sasa muuzaji akitaka faida kubwa wakati kama huo simkatazi, biashara ni yake, lakini aiite faida asiiite ushuru. Dadangu aliye Marekani ananiambia huko sheria ya 1958 inataka gari mpya ibandikwe karatasi ya bei dirishani, ni bei ya kupendekezwa tu na dila anaongeza juu yake gari ikiwa moto, lakini angalau mnunuzi anaziona nambari zote mbili.

Huku kwetu karatasi hiyo itengeneze mwenyewe. Mwaka jana nlienda na binamu yangu, tukaitisha invoisi ya gari mpaka bandarini, risiti za ushuru, na karatasi ya mnada ya Japani (hii isome vizuri, ukikuta gredi ni R ujue gari ilipata ajali ikatengenezwa). Nkajumlisha nyuma ya bahasha, nkaongeza pesa ya ejenti wa kliarensi, nkamsukumia muuzaji. Alikaa kimya akaitazama, kisha akaingia ndani kuongea na mwenye yadi, akarudi ameshusha 220,000. Yadi ya kwanza tuliyopita walikataa kabisa kutuonyesha karatasi na tukaondoka.

Kama unaweza kungoja, ngoja, gari ikiongeza umri KRA inapunguza zaidi ile bei ya kupigia ushuru, bora tu isivuke miaka 8, ndio mwisho wa umri wa gari kuingizwa nchini. Na depositi usitoe mpaka bei kamili iandikwe kwenye risiti, na iandikwe pia kama pesa inarudi au hairudi. Mimi risiti yangu ya 2022 iliandikwa "depositi" tu, hakuna bei wala nambari ya chesisi, ningeenda kulalamika na nini?