Maswali ya Wasomaji: Mlango wa Baraza la Madiwani

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Moshi. Je, raia asiye na cheo anaruhusiwa kuingia katika vikao vya Manispaa? Tena, ombi la kuzibuliwa kwa mtaro wa mtaani lipelekwe wapi? – Msomaji, Kiboriloni

JIBU: Ndugu msomaji, mkutano wa Baraza la Madiwani, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, uko wazi kwa umma, ingawa utaketi na kusikiliza tu, kwa kuwa wanaojadili ni madiwani. Kamati ya fedha hukutana kila mwezi, na humo ndimo taarifa za mapato na matumizi hupitiwa kabla hazijafika barazani. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kikao ambacho mwananchi anapaswa kumuuliza diwani wake habari zake mara kwa mara.

Kuhusu mtaro, anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha uandike barua kwa Mtendaji wa Kata, ambaye ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani. Taja mahali hasa, ueleze kilichoziba, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Taka ni kazi ya Manispaa. Lakini mtaro ukiwa wa barabara ya mjini, tangu 2017 anayehusika ni TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na bomba la maji likipasuka, nenda MUWSA, mamlaka ya maji ya mji wa Moshi.