Ninunue intafesi ya 192 kHz ili mvumo uishe?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nkuhungu, Dodoma. Narekodi nyumbani kwa laptopu: kwaya yetu ya vijana, tuko kumi na wawili, pamoja na wazee wawili wanaopiga zeze na ilimba (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba). Natumia intafesi (kisanduku cha kuunganisha maiki na laptopu) ya Behringer UM2 na maiki moja ya kondensa. Kila nikirekodi kuna mvumo wa "mmmm" kwa chini, halafu sauti zinasikika kama tuko ndani ya pipa. Fundi mmoja wa vyombo ameniambia UM2 ni ya kitoto, ninunue intafesi ya 192 kHz ndipo sauti itanyooka. Kwa sasa, anasema, nikate pini ya ethi (ya waya wa usalama unaokwenda ardhini) kwenye plagi ya spika kwa sababu mvumo unapitia humo. Niko tayari kuuza gitaa nipate hela. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Gitaa usiuze. Na kama hiyo plagi hujaigusa, iache ilivyo hadi umalize kusoma.

Hii 192 nimechoka nayo. Karibu kila kijana anayekuja kuniuliza habari za intafesi anaanza nayo, kana kwamba ni kilo za sukari. Namba hiyo inaeleza kifaa kinapima sauti mara elfu ngapi kwa sekunde, basi. Ili kunasa sauti ya kHz fulani, yaani inayotetemeka mara elfu kadhaa kwa sekunde, unatakiwa kupima zaidi ya mara mbili yake. Sikio la binadamu linaishia karibu 20 kHz, la mtu mzima chini ya hapo, kwa hiyo 44.1 au 48 inabeba kila ambacho wewe na wasikilizaji wako mtakisikia. Ukipandisha hadi 192, maiki moja kwa biti 24 inakula megabaiti 34.6 kwa dakika badala ya 8.6, laptopu inaanza kukwama, na mvumo wako unabaki palepale, sasa ukiwa umerekodiwa kwa uaminifu mkubwa. Tena ukitazama maboksi, Behringer UMC202HD ya bei ya chini imeandikwa 192, Focusrite Scarlett 2i2 imeandikwa 192. Kitu ambacho karibu wote wanacho kitakusaidiaje kuchagua?

Kasoro ya kweli ya UM2 kwako ni kwamba ina mlango mmoja tu wa maiki. Watu kumi na wawili, zeze na ilimba, wote kwenye maiki moja! Waimbaji wa Kigogo wanaegemeana sauti, huwezi kuwarekodi mmoja mmoja ukategemea wimbo utasimama, kwa hiyo hesabu milango kwanza. Mimi ningekushauri minne: miwili kwa kwaya, mmoja ilimba, mmoja zeze. UMC404HD inayo minne, na volti 48 zinazoendesha maiki za kondensa inatoa. Ubaya wake inahitaji adapta yake ya umeme, kwa hiyo umeme ukikatika imezima hata kama laptopu ina chaji, na ukitaka kuwafuata wazee Chamwino chini ya mti itakusumbua. Kama safari za namna hiyo ni nyingi, chukua ya milango miwili inayokula umeme wa USB, upange watu vizuri mbele ya maiki.

Kabla ya kulipa, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama kuna driva ya ASIO (programu inayopitisha sauti haraka kati ya kifaa na laptopu) ya kifaa hicho kwa Windows uliyonayo. Bila hiyo, mwimbaji anaweza kujisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa na atakulaumu wewe. Na vile vidude vyenye vitufe vya vicheko na makofi, vinavyouzwa kwa jina la studio, pita kama hukuviona.

Suala la pipa halina uhusiano na intafesi yoyote. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia "tiii" ikifuata, hiyo ndiyo inayoingia kwenye maiki: vigae chini, jipsamu juu, vioo vya dirisha pembeni. Tundika mablanketi mazito, egemeza magodoro ukutani, sogeza maiki karibu. Ilimba ina sauti ndogo. Ukiweka maiki mita moja na nusu unalazimika kupandisha geini (ukuzaji wa sauti ya maiki), na geini inapandisha mwangwi wa chumba kizima. Weka sentimita 30.

Sasa mvumo. Umeme wetu ni wa 50 Hz (unatetemeka mara 50 kwa sekunde), na "mmmm" hiyo ni umeme unaojipenyeza kwenye njia ya sauti. Utafute kwa utaratibu. Zima friji na feni, maana mara nyingine maiki inasikia friji kwelikweli. Chomoa chaja ya laptopu, chomoa waya wa spika kwenye intafesi, vaa hedifoni, rekodi kimya kwa betri. Umeisha? Rudisha kimoja kimoja hadi urudi, hapo umemkamata mwenyewe. Mara nyingi ni chaja kwenye soketi moja na spika kwenye soketi ya upande wa pili wa chumba. Ethi zao zinakutana kupitia waya wa sauti na kufanya mzunguko. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Spika ziunge kwa waya wa XLR (wa pini tatu) au jeki ya TRS, ile yenye mistari miwili myeusi, mradi intafesi na spika zote zina milango ya aina hiyo. Kinanda kikileta mvumo, kipitishe kwenye DI boksi (kisanduku cha kuunganisha ala kwenye mlango wa maiki) yenye swichi ya kutenganisha ethi. Swichi hiyo inatenganisha ethi ya waya wa sauti. Ya umeme haiguswi.

Hapo ndipo huyo fundi wako ananitia hasira. Anajua kwamba ukikata pini mvumo unaweza kupungua, na mteja akisikia kimya analipa. Hamwambii kwamba waya ule wa kijani na njano upo ili hitilafu ikitokea ndani ya spika, umeme upate njia ya kwenda ardhini na fyuzi ikatike. Ukiukata, hitilafu hiyo ikitokea bodi ya chuma ya spika inaweza kukaa na volti 230 ikimsubiri mtu. Mwaka 1972 mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani baada ya kugusa maiki ambayo haikuwa na ethi. Mwimbaji ana mdomo kwenye chuma cha maiki na mkono kwenye nyuzi za gitaa. Akiwa na jasho, ndiyo kabisa.

Na sisi wa Dodoma tuna la ziada. Kiangazi udongo unakauka, na udongo mkavu unapitisha umeme vibaya, kwa hiyo hata ethi iliyofungwa vizuri masika inaweza kuwa dhaifu mwezi wa kumi. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) aje na kipimo, aipime wakati huo wa ukavu, asiishie kuangalia kama waya upo.

Wenye makanisa, kumbi na vyombo vya kukodisha, hili ni lenu pia. Kagueni plagi zenu leo, pamoja na zile adapta za pini mbili zinazochomekwa kwa nguvu kwenye soketi ya pini tatu. Pini iliyokatwa haiungwi kwa gundi wala kwa seloteipu. Plagi nzima inabadilishwa, na waya wa ethi unafungwa mahali pake kabla chombo hakijarudi kwenye umeme.