Darubini ya Kuwindia Nyati: Ukuzaji Mmoja au wa Kubadilika?

Msomaji mwenye bunduki ya .375 H&H na leseni ya nyati ameniuliza anunue darubini gani: ya 4x isiyobadilika (hukuza picha mara 4 tu) au ya 1-6x24 (hukuza mara 1 hadi 6, lenzi ya mbele ni milimita 24). Kwa miombo ya kusini mwa Tanzania, ambako mara nyingi unamwona nyati akiwa tayari karibu, jibu langu ni 1-6x. Tatizo ni kwamba wengi wanaoinunua hawajui kuitumia.

Anza na upana wa picha. 4x ya kawaida huonyesha eneo la mita 8 hivi ukitazama mita 100. Nyati aliyejeruhiwa akikutokea mita 15, upana huo umebaki mita 1.2. Utaona ngozi nyeusi tu, usijue ni bega au tumbo. 1x nzuri huonyesha mita 36 kwa mita 100, yaani zaidi ya mita 5 kwa mita 15, nawe unalenga macho yote mawili yakiwa wazi. Hiyo ndiyo sababu ya kulipa zaidi. Hakikisha pia ina nukta nyekundu ya betri, maana msalaba mweusi wa kulengea hupotea kwenye mnyama mweusi.

Basi tembea na 1x. Kosa la hatari ni kupandisha hadi 6x ukague pembe, ukafyatua, kisha ukaingia kichakani kufuata damu bila kushusha. Funga kishikio kwenye pete ya ukuzaji ili kidole gumba kijue 1x iko wapi bila wewe kutazama. Fanya mazoezi nyumbani, bunduki ikiwa tupu, hadi mkono uzoee.

Jioni, piga hesabu: kipenyo cha lenzi ya mbele gawanya kwa ukuzaji. 24 kwa 6 ni 4, yaani mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 4, ilhali mboni ya jicho gizani hufunguka 5 hadi 7. Shusha hadi 4x upate 6. Watu hufanya kinyume, halafu wanalaumu kioo. Hapa darubini isiyobadilika ya 6x42 inashinda waziwazi: milimita 7, vipuri vichache vya kuharibika. Anayewinda kongoni kwenye mbuga wazi asikimbilie 1-6x kwa sababu ya fasheni.

Uzito nao una gharama. 4x nyepesi ina gramu 265 hivi. 1-6x huanzia kama 450 na nyingine hupita 600. Teke la .375 huifanya darubini iteleze mbele ndani ya ringi zinazoishika kwenye bunduki. Futa mafuta kwa spiriti, kaza skrubu za ringi kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kama karatasi ya mtengenezaji inavyosema, kwa kawaida karibu newtonmita 2. Ukizidisha, bomba linaminyika na pete ya ukuzaji inakuwa ngumu. Chora mstari wa kalamu unaovuka ringi na bomba; ukikatika, darubini imehama, rudia kulinganisha shabaha.

Umbali wa jicho kutoka lenzi ya nyuma usipungue milimita 90, na upime ukiwa kwenye 6x, kwa kuwa darubini nyingi hupunguza hapo. Zile fupi za prizimu za 4x zenye milimita 38 zitakupasua nyusi.

Muulize muuzaji pia kama msalaba unakua pamoja na picha unapopandisha ukuzaji. Usipokua, alama zake za umbali ni sahihi kwenye 6x tu. Kwenye 3x kila nafasi kati ya alama inabeba mara mbili. Kwa nyati hutazihitaji, ila ukizitumia kwenye 3x kwa kongoni wa mita 250, risasi itapita juu ya mgongo.