Jibu: Brattvåg iko Ålesund au Haram?

Habari mkuu. Umekwama kwa sababu ramani moja inaiweka Brattvåg, mji mdogo wa Norwei, katika manispaa ya Ålesund na nyingine Haram, na unatakiwa ujaze jedwali. Kitu cha kwanza, angalia mwaka wa ramani. Mimi hufanya hivyo kabla ya kugusa jina lolote la Norwei.

Hadi mwisho wa 2019 Haram ilijitegemea. Tarehe 1 Januari 2020 iliunganishwa na Ålesund, pamoja na manispaa za Sandøy, Skodje na Ørskog. Watu wa Haram hawakuridhika hata kidogo, na mwaka 2022 Bunge likawakubalia kutoka. Tangu 1 Januari 2024 ni manispaa tena, makao makuu yakiwa hapohapo Brattvåg. Kwa hiyo kwa data ya sasa andika Haram, namba ya manispaa 1580. Ålesund ni 1508. Ukikuta 1507, hiyo ni Ålesund ya 2020 hadi 2023, na Brattvåg ilikuwa ndani yake.

Sasa kuwa makini na visiwa, maana hapo ndipo wengi huchanganya. Sandøy haikutoka na Haram. Ukifuata barabara ya Nordøyvegen, ile ya madaraja na mahandaki ya chini ya bahari iliyofunguliwa 2022, unapita Lepsøya, Haramsøya na Fjørtofta, vyote vya Haram, kisha unaibukia Harøya, kisiwa cha iliyokuwa Sandøy, ambacho ni cha Ålesund! Usikipake rangi moja na majirani zake.

Mkoa haubadiliki: Møre og Romsdal.