Kadi 300 za baba mdogo: jibu kwa mwenye milioni 3 anayetaka kufungua ofisi ya AI

Mkuu, umeuliza kama ofisi ya kuandika CV, maandiko ya miradi na kutengeneza nembo kwa kutumia AI, kwa mtaji wa milioni 3, inaweza kudumu miaka kumi. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, maana nafanya dizaini na uchapaji hapa Morogoro tangu 2011.

Kwa ulivyoipanga, haitadumu. Unachotaka kukiuza, mteja wako tayari anacho kwenye simu. Hata wakubwa kimewakuta: Mei 2023 hisa za Chegg, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiwauzia wanafunzi majibu ya masomo, zilishuka karibu nusu kwa siku moja, baada ya bosi wake kukiri kwamba ChatGPT, programu ya AI inayojibu maswali, inawapunguzia wateja wapya.

Kwangu ilianza mwaka huohuo. Dizaini ya kadi nilikuwa nachaji 30,000. Wateja wakaanza kuja na picha kwenye simu: "Wewe nichapie tu." Nikashusha hadi 10,000, kisha 5,000. Hakurudi hata mmoja. Mtu anayekipata kitu bure hatafuti punguzo.

Nikaanza kuziangalia vizuri hizo picha zao. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024, ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi kama kadi nzuri inavyotaka, inatosha sentimita 8.7 tu. Ivute iwe bango la mita 2, sura za maharusi zinakuwa ukungu. Halafu kuna rangi. Simu inaonyesha rangi kwa mwanga, mashine inachapa kwa wino wa rangi nne, kwa hiyo ile kijani ya kung'aa aliyoipenda bibi harusi inatoka imepauka. Hayo mtu huyajua kadi zikishatoka. Nikaacha kugombania dizaini, nikawa nalipisha kuandaa faili la kuchapwa, na mteja anashika kadi moja ya sampuli mkononi kabla sijachapa zote.

Lakini somo kubwa nililipata kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka 2024 mama mmoja mjane alileta kazi ya kadi 300 za harusi ya binti yake. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, ameandikiwa na mwanawe aliye nje, na yeye alitaka Kiswahili. Nikayapitisha kwenye AI, Kiswahili kikatoka kimenyooka, nikachapa. Kadi ikasema mwaliko unatolewa na mama pamoja na mjomba wa binti. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba na baba mdogo, mashine ikajichagulia. Mzee aliyetajwa kwenye kadi alikuwa mdogo wa marehemu baba wa binti, ndiye aliyemsomesha binti na ndiye aliyepokea posa. Kumwita mjomba mbele ya ukoo mzima ni kumvua ubaba.

Mzee huyo alikuja dukani mwenyewe, kadi mkononi, hakupaza sauti. "Mwanangu, hii uliisoma?" Niliisoma, ila kutafuta makosa ya herufi tu. Nilichapa zote upya usiku ule kwa gharama yangu, na kesho yake nikazunguka na bodaboda kuzikusanya zilizokwisha kugawiwa, nyumba kwa nyumba.

Tangu siku hiyo nina fomu ya prufu, yaani ya kuhakiki maneno kabla ya kuchapa. Nani anaalika, ni nani kwa bibi au bwana harusi, jina lake linaandikwaje (Mohamed na Muhammad kwa mwenye jina si kitu kimoja), kisha mtu wa familia anaisoma kwa sauti mbele yangu na kusaini. Nalipisha 20,000 kwa kazi hiyo, na kamati za harusi zinaambiana. Familia ikirudi kwa kipaimara, au usiku kwa tangazo la msiba, majina ya ukoo ninayo kwenye faili, hawana haja ya kunieleza upya wakiwa kwenye majonzi. Hicho ndicho ninachokiuza sasa, mkuu: kwamba neno likikosewa, yupo mtu wa kufuatwa dukani.

AI bado naitumia kila siku, kwa rasimu na mahesabu ya karatasi. Lakini majina ya watu siiachii.

Ukishikilia CV, kumbuka utapewa namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) na vyeti vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, kwa hiyo usiyamwage yote kwenye programu ya mtu mwingine.

Kuhusu milioni 3, usizimalizie kwenye kompyuta. Weka kando kodi ya miezi sita, na uijue misimu. Kwaresma na Ramadhani harusi hupungua sana, na 2025 vyote viwili vilianza Machi ndani ya wiki moja. Nisingekuwa na shule tatu ninazozichapia mitihani, ningefunga. Shule hizo sikuzipata mtandaoni. Nilimwendea mwalimu wa taaluma, nikampangia mtihani mmoja wa hesabu wenye michoro iliyonyooka na sehemu kama 2/3 zilizokaa sawa, nikamwachia mezani. Wiki iliyofuata akanipigia. Anzia hapo, kabla hujalipia chumba.