Maswali ya Wasomaji: Askari 2,111 chini ya Jiwe Moja

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba katika makaburi ya kijeshi ya Arlington, jimbo la Virginia, kuna kaburi la pamoja la askari 2,111 wasiojulikana waliokufa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865. Kinachonitatiza ni maandishi ya ukumbusho huo, ambayo yanasema mabaki hayo hayakuweza kutambuliwa, na papo hapo yanasema majina ya marehemu yamehifadhiwa katika nyaraka za nchi yao. Asiyejulikana atakuwaje na jina? Na kuna hakika gani kwamba wote walipigania upande wa serikali? – Mwalimu Mstaafu

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Jawabu la swali lako la kwanza umelishika mkononi miaka yote ya kazi yako, nalo ni daftari la mahudhurio. Kila kikosi kilikuwa na orodha ya askari wake, na baada ya mapigano majina yaliitwa. Asiyeitika aliandikwa kuwa ameuawa au haonekani, kwa kadiri wenzake walivyoweza kueleza. Jeshi likabaki na majina yasiyo na miili upande mmoja, na miili isiyo na majina upande wa pili, bila njia ya kuoanisha hiki na kile. Vibati vya utambulisho vya kuvaa shingoni, ambavyo mtu angedhani vimekuwapo tangu zamani, jeshi la Marekani liliviidhinisha mwaka 1906. Katika vita hivi, askari aliyehofia kuzikwa bila jina aliliandika mwenyewe kwenye kipande cha karatasi na kukibana kwa pini kwenye koti lake, na karatasi haikai ardhini miaka minne.

Maana wengi wa hawa walikaa muda kama huo. Jiwe lenyewe linasema kuwa mifupa ilikusanywa baada ya vita kutoka viwanja vya Bull Run na njia iendayo mto Rappahannock. Bull Run palipiganwa mara mbili, Julai 1861 na Agosti 1862, na mara zote mbili majeshi ya Kusini, yaani ya majimbo yaliyojitenga na serikali, yalishinda. Anayeshinda hubaki na uwanja, na anayerudi nyuma huwaacha maiti wake mikononi mwa adui, ambaye hana sababu ya kuwachimbia kwa kina. Watu wa jeshi walipokwenda kukusanya mabaki, mahali pengine walipata fuvu peke yake au mifupa michache tu. Mwandishi wa gazeti mmoja aliyechungulia ndani ya chumba cha kaburi kabla hakijafungwa aliona kimegawanywa sehemu sehemu: mafuvu yamerundikwa kivyake, miguu kivyake, mikono kivyake, mbavu kivyake. Kwa mpangilio huo, hata mfupa uliokuja na kitufe cha sare ulikwisha kupotezana na mwenzake. Chumba kilizibwa Septemba 1866.

Hapo ndipo swali lako la pili linapopata uzito. Waliojenga ukumbusho huu walikusudia kuwaheshimu askari wa Muungano, yaani wa upande wa serikali, na maandishi yanawaita jeshi tukufu la mashahidi. Lakini mfupa wa paja hauna sare. Makaburi ya Arlington yenyewe leo yanakubali kwamba huenda mabaki ya askari wa Kusini yamo humo, na kwa maoni yangu ingekuwa ajabu kama yasingekuwamo. Kwa hiyo sentensi ya kwamba majina yao yamo katika nyaraka isomwe kwa tahadhari: ni kweli kwa jeshi kwa ujumla, lakini hakuna awezaye kuithibitisha kwa fuvu moja moja.

Mahali penyewe nako hapakuchaguliwa kwa bahati. Shamba la Arlington lilikuwa la mke wa Robert E. Lee, jenerali wa Kusini, na serikali ililichukua kwa madai ya kodi ya dola 92.07 ambayo mama huyo alimtuma mtu kuilipa, ikakataliwa kwa kuwa hakufika mwenyewe. Maziko ya kijeshi yalianza Mei 1864. Montgomery Meigs, mkuu wa ugavi wa jeshi, alitaka makaburi yasogee karibu kabisa na nyumba ili akina Lee wasiweze kurudi kuishi humo, na kaburi hili la pamoja liliwekwa kando ya bustani ya maua ya familia hiyo.

Msomaji mwingine anauliza kama hili ndilo kaburi linalolindwa na askari usiku na mchana. Silo. Lile lilianza mwaka 1921 kwa mwili mmoja uliorudishwa kutoka Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na watalii hulijia kwa makundi kutazama zamu ya walinzi ikibadilishwa. Hili la watu 2,111 halina mlinzi. Anayelitaka hupanda mpaka kwenye nyumba ya Lee juu ya kilima, akageukia upande wa bustani.