Kazi ya kukabili mafuta yaliyomwagika baharini: dunia ikihamia nishati safi, itabaki?

Mkuu, umeuliza kama kijana anayetaka kusomea fani hii atakuwa na ajira miaka 20 ijayo, ilhali kila nchi inaimba jua na upepo. Ajira itakuwepo. Cha kujiuliza ni nani atailipia, na kama vifaa vilivyojaa stoo leo vitakuwa na kazi.

Wengi wakisikia mafuta baharini wanafikiria meli za mafuta ghafi. Ajali kubwa za meli hizo, za zaidi ya tani 700, zilikuwa zaidi ya 20 kwa mwaka miaka ya 1970. Muongo wa 2010 wastani haukufika 2. Lakini Wakashio, meli ya shehena kavu iliyopanda mwamba Mauritius Julai 2020, ilikuwa tupu, haina shehena. Zile tani 1,000 hivi zilizochafua pwani zilikuwa mafuta ya injini yake yenyewe. Meli za makontena zinazoingia Mombasa na Dar nazo zina matangi kama hayo.

Na mafuta yenyewe yamebadilika. Tangu Januari 2020 kiwango cha juu cha salfa kwenye mafuta ya meli kilishushwa kutoka 3.5% hadi 0.5%, na baadhi ya michanganyiko mipya ina nta nyingi, ikigusa maji baridi inaganda. Kwetu tatizo hili litakuja kwa njia nyingine: mafuta ghafi ya Uganda yanaganda kwenye nyuzi joto 40 hivi, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe moto njia nzima. Bahari ya Tanga haifiki nyuzi 40 hata Machi. Yakimwagika pale, tarajia mabonge.

Kwa mabonge, dawa ya kutawanya mafuta ni hasara tupu: haipenyi, inateleza na kuishia majini. Skima (mashine ya kukusanya mafuta juu ya maji) ya sahani nayo inahitaji mafuta yanayotiririka kuifuata. Tumia ya mkanda au ya brashi ngumu, au nyavu. Pampu iwe ya skrubu, yenye pete ya kuingiza maji ya moto mdomoni mwa mpira wa kupitishia mafuta ili yapunguze msuguano. Mpira mnene, mfupi, bila kona. Tangi la tishari liwe na koili za kupasha joto, la sivyo utapakua kwa koleo. Kizuizi kinachoelea usikikingamize mkondo: ukizidi kasi ya noti 0.7 hivi mafuta yanapita chini ya sketi, ile sehemu ya kizuizi inayoning'inia majini. Kilaze kwa pembe, uyaongoze kwenye maji yaliyotulia. Mikokoni usiingize kundi la watu wenye ari. Miguu yao inashindilia mafuta kwenye tope la mizizi, na hapo hayatoki.

Sasa pesa, na hapa ndipo ninapoona hatari zaidi. Vituo vikubwa vya kukabili mafuta kama Oil Spill Response Limited ya Southampton vinaendeshwa kwa michango ya kampuni za mafuta. Mfuko wa kimataifa wa fidia wa 1992, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unachangiwa na wanaopokea zaidi ya tani 150,000 za mafuta ghafi na mafuta mazito kwa mwaka kupitia baharini. Uagizaji ukipungua, wachangiaji wanapungua, huku visima vikuukuu na meli chakavu bado vipo. Tena mfuko huo ni wa meli za mafuta. Wakashio haikuhusika nao.

Upande wa pili ni amonia na methanoli, nishati mpya za kuendeshea meli. Hapo kizuizi na skima ni mapambo. Amonia inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Ikimwagika, nyingine inayeyuka majini na kuua samaki, nyingine inatambaa juu ya maji kama wingu jeupe. Kaa upande upepo unakotoka, vaa mtungi wa hewa, nyunyizia maji wingu lenyewe. Usipige maji dimbwi la amonia, utaichemsha zaidi. Methanoli inachanganyika kabisa na maji, na moto wake mchana karibu hauonekani, hivyo beba kamera ya joto. Povu liwe lile linalostahimili alkoholi. La kawaida linavunjika.

Kwa hiyo ukisoma kozi za OPRC (mkataba wa kimataifa wa kujiandaa na kukabili uchafuzi wa mafuta), ongeza na za kemikali hatari, HNS. Mwenye vyeti vyote viwili bado ni adimu.